KILA MTU NA KAZI YAKE, LAKINI MWILI NI MMOJA

Masomo: 1 Wakorintho 12:12-27, 2 Wafalme 5:1-14, 2 Wafalme 20:1-7

 

Leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hawaliiti dhambi, kwa sababu linavaa nguo nzuri. Mtu anajua kitu kimoja. Amekisomea, au amekirithi kwa baba yake, au amekipokea kwa Roho. Anakijua vizuri, na watu wanamheshimu kwa ajili yake. Kisha, polepole, anaanza kudhani kwamba kitu chake ndicho kila kitu, na kwamba mtu asiyekijua hana neno la kumwambia. Hapo zawadi ya Mungu imegeuka kuwa ukuta. Na sisi wa Ituri tumeona kwa macho yetu kwamba ukuta wa namna hii unaweza kuua.

Soko letu linatufundisha

Twendeni kwanza sokoni. Samaki anatoka Kasenyi na Tchomia, kwenye Ziwa Albert. Maharage na muhogo vinatoka mashambani Djugu na Irumu. Maziwa na nyama vinatoka kwa wafugaji. Asali inatoka msituni upande wa Mambasa, kwa ndugu zetu Wambuti wanaoujua msitu kama sisi tunavyojua nyumba zetu. Mama anayepika sombe jioni ameweka ndani ya sufuria moja kazi ya watu wengi ambao hawajuani majina. Hakuna sufuria hata moja katika mji huu iliyojaa kwa kazi ya mtu mmoja.

Basi Mungu hakukosea alipogawa kazi. Mvuvi asipokuwa mvuvi kweli, atazama ziwani. Daktari asiyesoma miaka mingi ataua wagonjwa. Kisima huchimbwa chembamba, na ndiyo maana kinafika kwenye maji. Lakini kisima kisichokuwa na njia ya kukifikia, nani atakunywa?

Tunajua pia upande mwingine. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliwaandika watu wa inchi hii katika vitabu vyao: hawa wafugaji, hawa wakulima, wakawapa wengine nafasi kuliko wengine. Jembe na fimbo ya ng'ombe, vilivyokuwa kazi tu, vikawa majina ya watu. Lakini ng'ombe hutoa samadi inayolisha shamba, na majani ya shamba baada ya mavuno hulisha ng'ombe. Wahema wengi wa Djugu na ndugu zao Walendu husema lugha moja, Kilendu. Hata hivyo mwaka 1999 ugomvi wa mashamba uliwaka moto, na hadi 2003 watu makumi ya maelfu walikuwa wamekufa. Mwezi wa Desemba 2017 moto uliwaka tena Djugu. Hatusemi kwamba jembe na ng'ombe peke yao walileta vita. Ardhi, dhahabu, siasa na silaha zilizotoka mbali zilikuwamo ndani. Tunasema hivi tu: ni rahisi kumchukia mtu ambaye umezoea kumwita kwa jina la kazi yake tu, na hujawahi kuketi naye kumwuliza anaona nini.

Mwaka wa Ebola

Sasa tukumbuke jambo lililo karibu zaidi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina, Kivu ya Kaskazini, jirani na Mambasa yetu. Ugonjwa ukaingia Ituri: Mambasa, Komanda, Tchomia, hata Bunia. Ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao wakafa. Huo ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko yote katika inchi yetu tangu ugonjwa huu ulipojulikana Yambuku mwaka 1976.

Wataalamu walikuja wengi, na kazi yao tuliiita riposti. Tuwe wa haki juu yao. Walileta chanjo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Wengine waliacha watoto wao mbali wakaja kukaa na kifo chetu. Daktari Richard Mouzoko, mtoto wa Kameruni, aliuawa kwa risasi Butembo tarehe 19 Aprili 2019, akiwa kazini kwa ajili yetu. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule watumishi wengine wa riposti waliuawa Biakato, hapa katika jimbo letu. Damu yao tusiisahau.

Lakini wengi wa wataalamu hao walikuja na jicho moja. Kila homa kwao ilikuwa Ebola au si Ebola. Ikiwa si Ebola, gari liligeuka likaondoka. Watu wetu nao wakauliza: Tulipokatwa kwa mapanga, magari haya yalikuwa wapi? Mtoto anapokufa kwa malaria, mbona hayaji? Wengine wakaanza kusema kwamba Ebola ni biashara. Ndipo mawe yakatupwa, na wagonjwa wakafichwa nyumbani, na ugonjwa ukapata njia.

Tena, wakati macho yote yalipoelekea Ebola, surua ilikuwa inapita katika inchi nzima. Tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 ilihesabiwa kwamba watu zaidi ya 310,000 walishukiwa kuwa nayo, na zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi wao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Hesabu hiyo inazidi waliokufa kwa Ebola mara mbili na zaidi. Ugonjwa ambao kila tate wa kijiji anaujua kwa jina, ugonjwa wenye chanjo ya miaka mingi, uliua zaidi ya ule ulioletewa magari na madaktari.

Na sisi wenyewe je?

Hapa, wapendwa, tungeweza kufunga ukurasa na kuwalaumu wataalamu. Ingekuwa rahisi. Lakini hukumu huanza katika nyumba ya Mungu.

Mwaka ule wa 2019 mama mmoja alimleta mtoto wake katika chumba chetu cha maombi. Mtoto alikuwa na homa kali. Sisi waombezi tulimpokea kwa upendo. Lakini sisi tulizoea kazi moja: kupambana na pepo. Tukaona pepo. Tukafunga, tukaomba siku mbili. Shefu wa kartie alipata habari ya homa ile, akawaita watu wa riposti. Walikuja wamevaa, wakachukua damu, wakaandika majina ya wote waliomgusa. Jibu lilipotoka, lilisema si Ebola. Wakafurahi, wakaenda zao. Sisi nasi tukafurahi, tukasema, mnaona, ni jambo la roho. Kila mmoja alikuwa amemaliza kazi yake. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa hajamaliza kuugua. Akafa siku ya nne.

Kwenye matanga, tate wa mtoto, mama ya mama yake, mtu asiyejua kusoma, alisema kwa sauti ndogo: "Macho yake yalikuwa mekundu, na alikohoa kabla ya vipele. Ile ilikuwa surua. Niliwazika wawili kwa surua. Nilitaka kusema, lakini mlikuwa mnaomba, na wale walikuwa na makaratasi. Nani angenisikia?" Kisha akaongeza: "Na mdogo wake anakohoa tangu jana."

Tulimchukua yule mdogo siku ile ile hadi kituo cha afya. Tuliomba njiani, na tukaomba mlangoni, lakini safari hii tuliomba tukitembea. Mtoto yule alipona. Leo anasoma. Kila tunapomwona katika ibada ya watoto, tunakumbuka kaka yake, na tunainamisha vichwa.

Wapendwa, hakuna mmoja kati yetu aliyekuwa mwovu katika habari hii. Waombezi walimpenda mtoto. Shefu alifanya wajibu wake. Watu wa riposti walisema kweli: haikuwa Ebola. Kila mmoja alikuwa na haki ndani ya kazi yake, na mtoto akafa katikati ya haki zetu. Aliyejua alikuwapo chumbani muda wote, ameketi kwenye mkeka, na hakuna aliyemwuliza.

Neno la Mungu linasema nini

Tazameni Naamani, jemadari wa Shamu. Alikuwa na vyote, pamoja na ukoma. Nani aliyemfungulia njia ya kupona? Alikuwa msichana mdogo, mateka, mtumishi wa nyumbani. Yule mtoto hakuwa mganga wala nabii, ila alijua kwamba katika Samaria kuna mtu wa Mungu. Mfalme wa Israeli alipopokea barua alirarua nguo zake, kwa sababu aliisoma kwa jicho la mfalme tu, akaona vita. Naamani naye alipofika kwa Elisha alikasirika, kwa sababu alikuja na mpango wake kichwani jinsi nabii anavyopaswa kuponya. Karibu arudi na ukoma wake. Waliomwokoa ni watumishi wake waliomsihi aingie Yordani. Mkubwa yule alipona kwa sababu, mwisho wa yote, aliwasikia wadogo.

Tazameni pia mfalme Hezekia alipougua jipu la kufa. Alilia mbele za Mungu, na Mungu akamsikia, akamwongezea miaka kumi na mitano. Nani aliyeleta habari hiyo? Nabii Isaya. Na nabii huyo huyo, mtu wa maono makubwa, ndiye aliyeamuru waweke tini juu ya jipu. Nabii wa kweli alibeba unabii kwa mkono mmoja na dawa kwa mkono mwingine, wala hakuona aibu. Sisi tuliopokea urithi wa manabii katika Afrika hii, tusome sura hiyo tena na tena. Mtu akikuambia kwamba imani inakataza hospitali, mwulize kama yeye ni nabii kuliko Isaya.

Na Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, alijazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Tena Maandiko yanasema Mungu alitia moyoni mwake kuwafundisha wengine. Fundi anayejifungia na ujuzi wake ili aogopwe, amepokea nusu ya zawadi ya Bezaleli na kuikataa nusu nyingine.

Mtume Paulo aliyajumlisha haya yote katika mfano wa mwili. Jicho haliwezi kuukataa mkono, wala kichwa kuikataa miguu. Angalieni, hasemi kwamba viungo vyote viwe jicho. Wala hasemi jicho liache kuona lijifunze kutembea. Anasema viungo vitunzane, na kwamba kiungo kimoja kikiumia, vyote vinaumia pamoja nacho. Anasema zaidi: vile vinavyoonekana dhaifu ndivyo tunavyovihitaji. Tate kwenye mkeka ni kiungo cha namna hiyo.

Damu ya Kikwit

Mungu hakutuacha bila mfano wa kutufariji. Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit, katika Bandundu ya wakati ule. Madaktari wetu Wakongomani, pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, waliona kwamba waliopona wana kitu katika damu yao. Huyu Muyembe ndiye aliyefika Yambuku mwaka 1976 akachukua damu ya wagonjwa bila glovu mikononi. Huko Kikwit waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 wakaishi. Wataalamu wengi wa nje walitia shaka, na shaka yao haikuwa ya bure: wagonjwa walikuwa wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Lakini neno lile halikufa. Miaka mingi baadaye, kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti wa Kongo, Marekani na Uswisi walipata dawa. Ilijaribiwa hapa mashariki kuanzia Novemba 2018, na mwezi wa Agosti 2019 matokeo yalitangazwa: kati ya waliopewa dawa hiyo, kiasi cha 35 katika 100 walikufa, na kati ya waliopewa dawa ya kulinganisha, karibu 50 katika 100. Waliofika hospitalini mapema walipona zaidi sana.

Hesabuni viungo vya mwili huo. Mtu aliyepona, asiyejua maabara ni nini, alitoa damu. Daktari wa Kikwit alitoa wazo. Mtafiti wa mbali alitoa vyombo na subira ya miaka. Wagonjwa wa Beni, Butembo na Mangina walikubali kujaribiwa. Mmoja akikosa, dawa haipo. Huko Beni na Butembo, waliopona Ebola walipewa kazi ya kuwabeba na kuwanyonyesha kwa chupa watoto ambao wazazi wao walilazwa, kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga. Ni chuo gani kinachotoa cheti cha kazi hiyo? Mateso yao yalikuwa masomo yao.

Tufanye nini basi?

Kwanza, kila mmoja apende kazi yake na aijue kwa kina. Hatuhubiri uvivu wa mtu anayegusa kila kitu na kutomaliza kimoja. Fundi magari awe fundi. Mwalimu awe mwalimu. Mwombezi aombe hata mbingu zifunguke. Lakini kila mmoja aweke mlango katika nyumba ya ujuzi wake, na mlango huo usifungwe kwa ndani.

Pili, mgonjwa anapoletwa kwenye chumba cha maombi, tufanye mambo matatu siku ile ile: tumwombee, tumwulize mama yake na tate wake wanaona nini, na tumsindikize kituo cha afya. Asiwepo mwombezi atakayesema, mwache hapa siku saba. Na ninyi wauguzi mlio wana wa kanisa hili, mgonjwa akisema neno lisilo katika makaratasi yenu, liandikeni hata hivyo pembeni.

Tatu, tutazame makundi yetu wenyewe. Wanakwaya hukaa na wanakwaya, wapiga tarumbeta na wapiga tarumbeta, waombezi na waombezi, wamama na wamama. Kila kundi lina sare yake na kasha lake la matoleo. Ni vizuri. Lakini je, mwanakwaya anajua ni mwombezi gani hana chakula nyumbani? Baada ya ibada tuketi tukiwa tumechanganyika, na kila mara mtu wa kundi moja awaeleze wengine kazi yake ina uzito gani, na haoni nini.

Nne, wazazi. Watoto wetu wakifika sekondari hugawanyika: huyu sayansi, huyu ualimu, huyu biashara, huyu ushonaji. Wa sayansi asimcheke wa ushonaji. Msomeshe mtoto wako, lakini wakati wa likizo mpe jembe, mpeleke ziwani aone mvuvi anavyosoma upepo, mketishe kwa mzee amsimulie. Mtoto aliyeshika vitu vingi hawadharau watu wengi.

Tano, na hili ni gumu kuliko yote: mtafute mtu mmoja ambaye kazi yake, lugha yake au kabila lake vimekutenga naye. Mwulize swali moja, kisha nyamaza usikie jibu. Mkono mmoja haulei mwana, na Ituri ni mwana mgonjwa aliye mikononi mwetu sote. Mkulima hataiponya peke yake, wala mfugaji, wala askari, wala daktari, wala sisi wahubiri.

Wapendwa, siku ya mwisho Bwana hatatuuliza kama tulimaliza kazi yetu tu. Atatuuliza habari ya yule mtoto. Heri siku hiyo tuwe na la kumjibu.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyegawa karama nyingi kwa Roho mmoja, utusamehe pale tulipojua kitu kimoja tukadhani tunajua yote. Utusamehe kifo cha wadogo waliokufa katikati yetu tukiwa tumeshikilia kazi zetu. Wabariki wenye elimu, uwape masikio. Wabariki wasio na elimu, uwape ujasiri wa kusema. Uketi pamoja na tate kwenye mkeka, na utufundishe kuketi naye. Uponye Ituri yetu. Kwa jina la Yesu Kristo, kichwa cha mwili wote.

Amina.